Mwanao Anajifunza Wapi Kumdharau Mwenzake?

Hebu nianze na swali la uchokozi kidogo. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa chini mkazungumza kuhusu kile mtoto wenu anachojifunza juu ya watu wengine? Sizungumzii hesabu wala Kiingereza. Ada tunalipa, tyusheni tunapeleka, na kwenye kikao cha wazazi tunakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini mtoto kashuka mpaka nafasi ya nane. Mimi nazungumzia utu.

Nauliza kwa sababu swali hilo lilinikuta mwenyewe sina jibu. Tena mimi, ambaye kazi yangu kila mwezi ni kuhariri kurasa za kuwashauri watu namna ya kuishi vizuri na wenzao! Si unajua tena, mganga hajigangi.

"Hii inachukua siku ngapi?"

Binti yangu ana miaka saba. Amechukua rangi ya bibi yake mzaa mama, nyeusi ya kung'aa, ile ambayo nyumbani kwetu Manchira, wilaya ya Serengeti, hakuna mtu anayegeuka kuitazama mara mbili. Lakini sisi tunaishi Dar. Siku moja alirudi kutoka shule kimya, akapitiliza mpaka chumbani kwetu. Nilipomfuata nikamkuta mbele ya kioo, kajipaka losheni yangu uso mzima mpaka amekuwa kama aliyemwagiwa unga wa sembe.

"Mama," akaniuliza bila kugeuka, "hii inachukua siku ngapi?"

Kumbe darasani walikuwa wanamwita Mkaa. Nililia mimi kabla yake.

Jioni baba yake aliporudi nikamsimulia huku nimefura kwa hasira, nataka kesho yake twende wote shuleni tukawakoromee walimu. Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza taratibu, "Na hiyo losheni yenyewe ni ya nini?"

Jamani! Chupa ile imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inang'arisha ngozi. Nikajitetea kwamba sio mkorogo, maana vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilishapigwa marufuku nchini na mimi sio mjinga wa kujiunguza. Halafu nikamrudishia la kwake. "Na wewe unaponiita 'mweupe wangu' mbele ya mtoto, unadhani yeye anaelewa nini?"

"Mimi nilidhani nakusifia."

"Mimi unanisifia. Yeye unamwambia alikosea kuzaliwa."

Usiku ule tulilala tumepeana migongo. Wanandoa wenzangu, mnaijua migongo hiyo. Lakini asubuhi, kwenye chai, tulikubaliana jambo moja: kabla ya kwenda kuwalaumu watoto wa watu, tusafishe kwanza midomo yetu. Losheni ikaenda kwenye pipa la taka. "Mweupe wangu" likafuata.

Ubaguzi usio na Mzungu

Sisi Watanzania tuna kaugonjwa kamoja: tunadhani ubaguzi ni mambo ya wenzetu. Ni ya Makaburu, ni ya Wamarekani. Tukisimuliwa habari za Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita ambaye Novemba 1960 alisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia shule ya Wazungu mjini New Orleans huku watu wazima wakimzomea barabarani, tunatikisa vichwa na kusema loh, wale watu wale!

Tunasahau kwamba mwaka huohuo, hapahapa Tanganyika, mtoto wa Kizungu alikuwa na shule yake, wa Kihindi yake, na wa Kiafrika yake. Mifumo hiyo iliunganishwa baada ya uhuru wa 1961. Tena haikuwa kwamba kila kiongozi alikuwa tayari. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili nani awe raia wa nchi mpya, walikuwepo wabunge waliotaka rangi ya mtu iwe kigezo. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa wetu wa Mara, aliwajia juu na kuweka wazi kwamba hoja hiyo ikishinda serikali yake itajiuzulu. Na ukijiunga na TANU, ahadi ya kwanza uliyotoa ilikuwa kuwatambua binadamu wote kuwa ni ndugu zako.

Wazazi wetu nao walikuwa na hadithi zao. Mtaje mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka ile "Kibanga Ampiga Mkoloni" uone anavyochangamka! Hadithi ile ilikuwa rahisi kuielewa kwa sababu adui alijulikana, anatoka ng'ambo na anatudharau. Kibanga akamchapa, darasa zima likashangilia.

Lakini mkoloni alishaondoka, na "mweupe" bado ni sifa. "Mweusi tii" bado ni tusi. Na haya tunayasema wenyewe kwa wenyewe, saluni, kwenye vikao vya harusi, hata wodini tunapokwenda kumwona mzazi: "Hongera shoga, kichanga cheupe!" Mtoto wa miaka mitatu yuko pembeni anasikiliza. Hakuna anayemfundisha kubagua, lakini somo analipata, tena bila ada.

Msichana anayeitwa Nyota

Basi nikaingia mjini kutafuta vitabu. Nilitaka hadithi ya Kiswahili yenye msichana mweusi kama wangu, awe ndiye nyota wa mchezo na sio mpita njia. Kwenye rafu nikakuta vya kiada, vya mitihani, na vya Kiingereza vyenye mabinti wa kifalme wa nywele za dhahabu. Nisiwavunje moyo watu wetu, wapo wanaohangaika. Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, imetoa vitabu vya watoto, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka huohuo kwa lengo la kumpatia mtoto kitu cha kusoma kwa lugha yake. Ila duka nililoingia mimi, siku ile, halikuwa na ninachokitaka.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu aliyekuwa anarudi kutoka Nairobi. Kwenye begi lake kulikuwa na Sulwe, toleo la Kiswahili. Kitabu hicho kiliandikwa na Lupita Nyong'o, yuleyule mwigizaji Mkenya aliyeshinda Oscar mwaka 2014, na picha zake zimechorwa na Vashti Harrison. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019, na 2021 kikachapishwa Kenya kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Sulwe kwa Kijaluo maana yake ni nyota. Majirani zetu wa Rorya hawahitaji kutafsiriwa.

Sulwe ni msichana mweusi kuliko wote kwao, kuliko mama, kuliko baba, kuliko dada yake. Anajaribu kujifuta kwa kifutio, anajipaka vipodozi vya mama yake, anakula vyakula vyenye rangi nyeupe, anaomba kwa Mungu. Usiku mmoja nyota inamjia na kumsimulia habari za ndugu wawili, Usiku na Mchana, na jinsi dunia ilivyohangaika pale Usiku alipochoka kudharauliwa akaondoka zake. Na Lupita hakuyatoa hewani. Mwaka 2014 alieleza hadharani kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, kulimfungua macho.

Tulipofika kwenye ukurasa wa vipodozi, binti yangu aliweka kidole pale, akanitazama, akacheka kwa aibu. Kwa wiki mbili baba yake ndiye aliyekuwa zamu ya kusoma, kila usiku kitabu kilekile. "Mkaa" likafa. Alipoitwa tena shuleni, akajibu kwamba yeye ni Usiku na bila yeye hakuna atakayelala. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikajiona mshindi. Mzazi bora wa mwaka! Subiri sasa.

Kilichotokea Manchira

Desemba nilimpeleka kwa bibi yake, baba yake akabaki Dar kwa ajili ya kazi. Ukitoka Mwanza, unafika Makutano unaiacha njia ya Musoma, unaipita Butiama, unaendelea mpaka Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Manchira haiko mbali na hapo. Wengi mnaisikia kwa bwawa lake, lile linalotegemewa kwa maji ya mji wa Mugumu. Bibi alitupokea kwa maziwa mgando na utani wake wa siku zote. "Karibu mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume?" Mtoto akasema shikamoo huku anacheka.

Siku ya pili watoto wa jirani wakaja kucheza uani. Mmoja alikuwa mvulana mwenye ualbino, umri wake kama wa binti yangu, kavaa kofia ya kudariziwa na mikono mirefu juani. Alimnyooshea binti yangu mpira. Mwanangu akaruka nyuma, akapiga kelele, "Usiniguse, nitakuwa kama wewe!" Halafu akacheka, na watoto wengine wakacheka.

Mwanangu. Yule aliyelia kwa kuitwa Mkaa. Yule aliyekijua kitabu cha Sulwe kwa kichwa.

Mvulana aliweka mpira chini, akaenda kukaa kivulini. Hakulia. Nadhani alishazoea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimvuta binti yangu ndani, nikafoka, nikamtishia fimbo. Mama yangu alikaa kimya muda wote. Jioni, tukiwa wawili tu jikoni, akasema bila kunitazama, "Unamfokea bure. Neno hilo mimi sikulisikia leo mara ya kwanza. Nililisikia kwako ukiwa na umri wake."

Ugali ulinikaa kooni.

Daftari la Maarifa ya Jamii

Ni kweli. Shule ya msingi nilisoma na binti mmoja mwenye ualbino, jina lake nalihifadhi. Tulimwita zeruzeru, neno ambalo tulilisikia kwa wakubwa. Tulikuwa tukimwona tunatema mate kifuani. Tuliambiana kwamba watu kama yeye hawafi, wanapotea tu. Alikaa nyuma ya darasa, na mwalimu aliamini kwamba hana akili. Tulipofika darasa la nne akaacha kuja, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza yuko wapi.

Mwaka 2007 na 2008, habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo zilipojaa redioni, nyingi zikitokea kanda yetu ya Ziwa, nilikuwa sekondari. Nilimkumbuka. Nilimkumbuka tu, basi, nikaendelea na mitihani yangu.

Mama akaniambia yupo Mugumu, anauza vitenge. Kesho yake nilikwenda. Nilimtambua kabla hajanitambua, maana alikuwa ameshika simu karibu kabisa na jicho, akisoma meseji. Kofia yake pana ilikuwa imetundikwa juu ya kiti. Nikajitambulisha. Akatabasamu.

"Mgeni wa Dar! Mlikuwa mnaniitaje vile?"

Nilishindwa kulitamka. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanagongana, machozi yanakuja. Akaniacha nimalize, akanivutia stuli.

"Nisikudanganye, majina yalikuwa yanauma," akasema. "Ila sikuacha shule kwa sababu ya majina. Niliacha kwa sababu nilikuwa sioni ubao. Nikawa naomba daftari nikanakili nyumbani, kila mtu ananiambia la kwake analitumia. Hata wewe nilikuomba. La Maarifa ya Jamii."

Nilikuwa nimesahau. Aliposema tu, nikakumbuka. Nilikuwa nimelificha daftari langu chini ya sketi, nikidhani akilishika nitaambukizwa.

Akaendelea kukunja vitenge. "Siku ile mngenipa daftari, mngeniita mnavyotaka."

Nilinunua doti mbili, sio kwa sababu nilizihitaji. Njiani nikawa nawaza jambo moja tu. Miaka yote hii nilidhani kosa langu ni neno nililolisema. Kumbe kubwa zaidi ni kitu ambacho sikukifanya.

Kioo na dirisha

Ukweli ni kwamba ualbino hauambukizi. Mtoto huzaliwa nao pale anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama wote wawili, na wazazi hao wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ngozi yake inahitaji kofia, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, na macho yake mara nyingi hayaoni mbali, ndiyo maana anatakiwa kukaa mbele darasani. Mambo haya yanatosha kurasa nne za kitabu cha mtoto.

Na tuseme ukweli mwingine: hatua zimechukuliwa. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Tangu mwaka huo, kila tarehe 13 Juni dunia inaadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino. Pamoja na hayo yote, mwaka 2024 mkoani Kagera mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, akauawa. Sisemi kwamba kila mtoto anayecheka uani atakuwa mhalifu. Nasema kwamba anayeona mwenzake sio mtu alianza mahali fulani, na hapakuwa na wa kumrudisha.

Sasa vitabu vinaingiaje hapa? Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, alieleza kwamba kitabu kwa mtoto kinaweza kuwa kioo au dirisha. Kwenye kioo mtoto anajiona mwenyewe. Kwenye dirisha anamwona mwingine, na dirisha likiwa kubwa vya kutosha linakuwa mlango, anaingia. Nilipokumbuka maneno hayo ndipo nikaelewa nilipokosea. Mimi nilimnunulia mwanangu kioo nikadhani kazi imekwisha. Sulwe ilimponya yeye. Haikumwonyesha mvulana wa Manchira, na haikuwa kazi ya kitabu hicho kufanya yote. Ilikuwa kazi yangu kumwuliza, "Na hapa kwetu, nani mwingine anaitwa majina kama Sulwe?"

Vitabu vya dirisha havihitaji kuwa na mahubiri. Chukua Handa's Surprise wa Eileen Browne, kilichotoka 1994. Handa, msichana wa Kijaluo wa kusini magharibi mwa Kenya, anambebea matunda rafiki yake Akeyo wa kijiji kingine, na wanyama wanamwibia moja moja njiani. Mtoto anacheka mwanzo mwisho, na bila kuambiwa anajua kwamba rafiki ni mtu wa kumbebea kitu. Mwenye mtoto mkubwa anayesoma Kiingereza amtafutie Golden Boy wa Tara Sullivan, kilichotoka 2013. Shujaa wake ni kijana wa Kitanzania mwenye ualbino anayelazimika kukimbia kuokoa maisha yake, mpaka anafika Dar es Salaam. Hicho ni kwa wa miaka kumi na miwili na kuendelea, na usimwachie asome peke yake, maana kinatisha mahali. Na kama mfuko hauruhusu, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unaweza kuzichapa ofisini jioni bosi akishaondoka!

Mzazi mwenzangu, jaribu haya

Anzeni na midomo yenu. Wewe na mwenzi wako kaeni mtaje maneno yanayotoka humo ndani kuhusu rangi, kabila, dini na maumbile ya watu. Mtashangaa. Utani wa makabila ni mtamu, lakini mtoto mdogo hajui kuwa ni utani.

Soma naye, usimsomeshe. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Baba na mama pokezaneni zamu. Mtoto akimsikia baba yake anasoma habari za huruma, hataamini tena kwamba huruma ni mambo ya kike.

Uliza swali la mkono. Badala ya "umejifunza nini?", uliza "wewe ungekuwepo pale ungefanya nini?" Mkumbushe kwamba kutocheka peke yake hakutoshi. Nani atampa mwenzake daftari?

Angalia nani ni shujaa. Kama kila kitabu mlichonacho kinamwonyesha mtoto mwenye ulemavu au ualbino akilia na kusaidiwa tu, tafuteni kingine ambacho yeye ndiye anayefunga goli.

Kiri makosa yako. Hili ndilo gumu. Mimi nilimsimulia binti yangu habari ya daftari chini ya sketi. Aliniangalia muda mrefu, halafu akaniuliza, "Sasa wewe ulikuwa mbaya, mama?" Nikamjibu ndiyo, siku ile nilikuwa mbaya. Hakuna kitabu kilichowahi kumnyamazisha vile.

Herufi kubwa

Zilikuwa zimebaki siku nne turudi Dar. Nilinunua daftari dukani, tukakaa na binti yangu chini ya mti uani kwa bibi, tukatengeneza kitabu chetu. Kinahusu msichana asiyeona ubao na mwenzake aliyehamia dawati la mbele ili amsomee. Michoro ni yake, maneno ni yetu wote. Mwenzangu alishiriki kwa simu kutoka Dar, akisisitiza kwamba lazima awepo mbuzi. Mbuzi akawekwa.

Kilipokwisha, alikipeleka mwenyewe kwa jirani. Mimi nilisimama kwa mbali. Alisema "samahani" kwa sauti ya chini kabisa, akanyoosha kitabu. Mvulana alikipokea, akakileta karibu na macho, akakigeuza huku na huku. Halafu akamrudishia.

"Herufi zako ndogo," akasema. "Sioni."

Nilidhani binti yangu atanuna, maana alikuwa amefanya kazi siku nzima. Alirudi mbio, akapitiliza mbele yangu, akaomba daftari jingine na kalamu ya wino mzito. Tulikiandika upya chote, maneno manne tu kila ukurasa, herufi moja kubwa kama kidole gumba. Tulimaliza kwa taa ya sola, bibi yake akituhesabia kurasa.

Kesho yake niliwakuta kivulini wawili, mvulana anasoma kwa sauti, binti yangu anamfunulia kurasa. Alipofika kwa mbuzi, wote wakacheka.

Nakala ya kwanza, ile ya herufi ndogo, ninayo nyumbani. Ipo kwenye droo ya chumbani, pale ilipokuwa ile chupa ya losheni.